Mia na Ishirini Juu ya Themanini

Jumatatu, 13 Januari 2003

Leo nimeanza chuo. Naandika tena kwa sababu inapendeza kuitazama: nimeanza chuo!

Chuo kiko ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Kwa karatasi yao ya matangazo kulikuwa na picha ya wodi, vitanda vinane, wasichana wamevaa kofia nyeupe. Sijui picha hiyo ilipigwa wapi. Hapa kuna chumba kimoja, madawati, ubao na kitanda kimoja. Juu ya kitanda amelala mgonjwa wetu — yule mtu wa plastiki wa kuvalishwa nguo madukani. Hana nywele. Hana mkono wa kushoto. Lakini amefunikwa shuka safi mpaka kidevuni, na Mwalimu Muindi anasema tumheshimu kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mwalimu Muindi ndiye mkurugenzi, ndiye mwalimu, ndiye anafungua mlango asubuhi. Mtu mpole, suti ya kijivu. Ametuahidi miezi minne na nusu: mitatu darasani, mmoja na nusu hospitalini na wagonjwa wa kweli, halafu cheti. Tuko ishirini na sita. Nimeketi na msichana wa Matuu anaitwa Mwihaki, wazazi wake wana duka huko. Mdomo wake hauna breki. Nimempenda.

Mama aliuza ng'ombe ndio niwe hapa, tena yule wa maziwa. Sitaki kufikiria hayo sana. Nitakuwa nesi. Nesi msaidizi, sawa — lakini nesi.

Alhamisi, 23 Januari

Sindano. Tumedunga machungwa.

Mwalimu anasema ganda la chungwa linafanana na ngozi ya binadamu. Mwihaki akauliza mbona basi binadamu analia na chungwa halilii. Darasa likavunjika mbavu, hata Mwalimu. Mimi nimedunga kumi na moja na mkono wangu hautetemeki. Mwisho tukakatazwa kuyala. Mwihaki akala mawili. Mpaka saa hii hajafa.

Jumanne, 11 Februari

Leo ilikuwa presha. Mashine ni moja tu. Ule mkanda wa kufunga mkono umetoboka, ukipampu hewa inatokea kando. Mshale umekwama, hausongi mbele wala nyuma. Kile chombo cha masikioni kimekatika upande mmoja, na kwa ule upande mzima mimi sikusikia chochote. Nikanyamaza. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Mwalimu akasema mashine imezeeka, tusihangaike nayo, cha maana ni kujua jibu. Akaandika ubaoni kwa chaki nyekundu: 120/80. Hiyo ndiyo presha ya mtu mzima mwenye afya. Tukafungana mikono kwa zamu, tukapampu, tukatazama ule mshale uliokufa, tukaandika 120/80. Watu ishirini na sita, wote sahihi! Nimepata kumi kwa kumi.

Mwihaki ameninong'oneza ati hata yule wa plastiki ako na 120/80. Nimecheka mpaka nikatolewa nje.

Jumamosi, 1 Machi

Niko nyumbani Kalama. Mama aliniambia nije na yunifomu, ati inataka kufuliwa. Haikutaka kufuliwa. Ameifua hata hivyo, na hakuianika kwa waya wa nyuma tunaotumia siku zote. Ameianika mbele, pale kila mtu wa kwenda kisimani lazima aione. Nguo moja, siku nzima! Hata ilipokauka hakuitoa.

Basi kazi ikaanza. Mzee Makau alitaka nimng'oe jino. Nikamwambia mimi sing'oi meno, akaniuliza kwani wamekufundisha nini huko. Mwingine amekuja kuuliza juu ya mbuzi aliyevimba tumbo. Nikamwambia mimi ni wa watu, si wa mbuzi. Akasema tumbo ni tumbo.

Wote wananiita Sista, kama nesi wa hospitali. Nikajifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba nilipenda sana. Tangu nipate D kwa mtihani wa Form Four nimekuwa mtu wa kuhurumiwa hapa — yule msichana mrefu, maskini, ambaye mama yake alijitahidi bure. Sasa wananipisha njiani.

Jumapili, 16 Machi

Siku ndefu. Wacha niiandike yote.

Kanisa letu lilitembelewa na wageni mwezi uliopita, wakaacha zawadi ya mashine ya presha. Mpya, ndani ya boksi, na hakuna mtu anajua kuitumia. Leo wakati wa matangazo mzee wa kanisa, Bwana Mulwa, akasimama akasema mbona tunahangaika na sista tuko naye wetu wenyewe? Kanisa zima likageuka. Mimi nilikuwa nimevaa yunifomu, na imepigwa pasi mpaka inakata. Mama alijua! Alijua tangu jana na hakuniambia.

Wakaniwekea meza nje, karibu na jiko la kanisa. Foleni mpaka kwa geti. Nimepima watu arobaini na watatu. Nimehesabu kwa daftari, kila mtu na jina lake.

Lakini ile mashine ina kasoro. Nilianza na Bwana Mulwa, mshale ukarukaruka huko kwa 150. Aliyefuata, 110. Wa tatu hata sijui. Kila mtu na yake! Hakuna hata mmoja alinipa 120/80. Na kwa masikio nikawa nasikia mlio, du, du, du, kama mtu anagonga mlango mbali. Chuoni sijawahi kusikia kitu kama hicho. Nilidhani ni ngoma ya watoto wa shule ya Jumapili. Nikasema moyoni, kitu cha bure ni cha bure tu, wametuachia kibovu.

Sasa ningefanya nini, nifukuze watu? Walikuwa wamesimama wenyewe, wanacheka, wanapiga porojo, hakuna mgonjwa hapo. Nikawaandikia 120/80. Kila mtu kikaratasi chake na sahihi yangu chini.

Susu Kalunde alikuwa wa kumi na tisa. Si nyanya yangu wa damu, lakini upande wetu huu tunamwita susu sisi wote. Huyu amekunywa dawa ya presha miaka sita, na kila mwezi anatembea kwenda kuichukua. Kwake mshale ulianza kugonga juu ya 200. Hapo ndipo nilijua kabisa mashine imekufa! Nikaandika 120/80. Akaniuliza, hiyo ni ya mtu mzima asiye na shida? Nikasema ndiyo, Susu. Akaimba palepale. Akasema Mungu amemponya, akanishika uso na mikono miwili mbele ya watu.

Nimechoka, lakini ni uchovu mzuri. Mama amenichinjia kuku.

Jumatano, 23 Aprili

Hospitali hakuna.

Tulikuwa twende wiki iliyopita, ikasongezwa, leo Mwalimu ametuambia wazi. Ameenda hospitali tatu, zote zimekataa. Ati chuo hakijasajiliwa mahali kinatakiwa kusajiliwa. Tusife moyo, asema. Kila mtu aende kwao, amtunze jamaa mgonjwa, aandike ripoti ya kurasa kumi. Hiyo itahesabiwa.

Mwihaki akasimama akauliza, na kama jamaa zetu ni wazima? Hakuna aliyecheka leo. Mwalimu akafuta ubao, na ubao haukuwa na kitu.

Sherehe ya vyeti bado iko, tarehe thelathini Mei. Nilimwambia Mama hiyo tu. Hayo mengine sikumwambia.

Jumatatu, 12 Mei

Wazo ni la Mwihaki, kama kawaida. Kama hospitali haitutaki na chuo, labda itatutaka bila chuo. Tumeenda kwa miguu mpaka zahanati moja ya misheni nje ya mji. Msimamizi ni Sista Wambura, mfupi, miwani ya kamba, mama wa miaka kama hamsini. Tulimwomba tujitolee siku chache tu, kazi yoyote. Akauliza tunasoma wapi. Tukamwambia. Akasema ufagio uko nyuma ya mlango.

Nimefagia. Nimepangusa vitanda. Vitanda saba, na watu wa kweli ndani yake! Mmoja alinishukuru kwa kumletea maji. Sijui kwa nini nilitaka kulia.

Jumatano, 14 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi palikuwa na foleni na Sista Wambura alikuwa peke yake. Akaniita: wewe mrefu, pima huyu presha. Mzee fulani, mtaratibu. Nikafunga mkono, nikapampu, nikaachilia, nikaandika 120/80. Vile nilifundishwa. Wala sikuweka kile chombo masikioni.

Sista Wambura aliona. Hakupiga kelele — heri angepiga kelele. Aliniuliza hiyo namba nimeitoa wapi. Nikasema ni ya mtu mzima mwenye afya. Akaniuliza, na huyu, umejuaje ako na afya?

Akanivalisha chombo masikioni yeye mwenyewe, kama unavyomvalisha mtoto kofia. Akapampu. Akasema sikiza. Du, du, du. Ukianza kusikia, tazama mshale, hiyo ndiyo ya juu. Mlio ukikatika, tazama tena, hiyo ndiyo ya chini. 148/92. Tukapima mama mwingine: 110/70. Msichana: 104/66. Mzee mwingine: 160 na kitu. Kila mtu na yake.

Kila mtu na yake.

Nikaketi chini, kwa sakafu. Mwihaki alidhani nimeumwa na njaa, akaniletea chai.

Alhamisi, 15 Mei

Sikuenda zahanati asubuhi. Nilikaa chumbani na daftari langu. Arobaini na watatu, na mbele ya kila jina namba ile ile, kwa mwandiko mzuri sana.

Hili daftari haliko na mtu wa kulisoma, kwa hivyo wacha niseme ukweli. Sio kutojua peke yake. Siku ile mshale ulipogonga juu ya 200 kwa mkono wa Susu Kalunde, kitu ndani yangu kilisema: Wanza, uliza mtu. Na ningeuliza nani, mbele ya foleni yote? Ningesema sista wenu hajui? Nilikuwa nimevaa yunifomu. Niliona heri mashine iharibike kuliko mimi. Huo ndio ukweli na unanitia aibu hata nikiwa peke yangu.

Mchana nilienda nikamwambia Sista Wambura yote. Alisikiliza huku akikunja bendeji. Hakunipa pole, hakunigombeza. Aliuliza swali moja: kati ya hao, nani alikuwa anakunywa dawa? Nikamtaja Susu. Akaweka bendeji chini. Akaniambia mtu kama huyo akiacha dawa anaweza kupooza upande mmoja, au aanguke tu akichota maji. Hao wengine waje wapimwe upya, huyo aje upesi.

Amenipa mashine yake niende nayo, na dawa ya Susu ya siku saba. Akasema nikiipoteza nitamfagilia mpaka nizeeke.

Ijumaa, 16 Mei

Nilipita chuoni kwanza. Sijui nilitaka nini. Pengine kugombana.

Mwalimu Muindi alikuwa peke yake, anaandika majina kwa vyeti, mwandiko wa mapambo. Langu lilikuwa tayari. Nikamwuliza kama yeye amewahi kupima mtu presha. Kupima kweli, akasikia mlio. Akafunika kalamu. Akasema yeye alikuwa mwalimu wa jiografia. Alipostaafishwa mapema ndipo ndugu yake akamwambia kozi za afya zina wanafunzi. Ile mashine aliikuta humu chumbani alipokodisha. Alidhani huwa ziko hivyo.

Nilikuja na hasira imejaa mpaka shingoni, na ikakosa mahali pa kushukia. Utamgombeza vipi mtu mzima ambaye anakutazama namna hiyo? Nikamwambia juu ya Susu. Akauliza, na alikuwa na hofu kweli, kama nitataja chuo. Akasema ningoje cheti kwanza, ni wiki mbili tu, halafu niseme nitakalo. Kwani nini kitabadilika kwa wiki mbili?

Nilikiacha cheti pale mezani, nikaondoka.

Jumamosi, 17 Mei

Kalama. Nilienda kwa Susu Kalunde moja kwa moja, hata mkoba sijaupeleka nyumbani. Nimemkuta anachambua maharagwe. Amefurahi! Sista wangu, sista wangu, keti. Kile kikaratasi changu amekibandika ukutani karibu na kalenda, kwa gundi ya ugali. Dawa aliacha siku ile ile ya kanisani. Miezi miwili sasa. Zilizobaki alizitupa chooni akimshukuru Mungu.

Nilimwuliza kama anasikia vibaya. Hapana. Kichwa tu asubuhi, na macho yanaona nyota-nyota. Ni jua, asema.

Nikampima. Nilisikiza vizuri. Nikarudia, nikarudia tena kwa mkono ule mwingine. 204/116.

Nilimwambia taratibu. Susu, nilikosea. Namba ile ya kanisani haikuwa yako. Unahitaji kurudi kwa dawa, nimekuja na ya wiki moja, na twende wote zahanati Jumatatu, hata kesho.

Akanitazama, akatazama ile mashine. Akasema, basi hiyo mashine yako imeharibika. Ile ya kanisa ilikuwa mpya!

Aiya! Maneno yangu mwenyewe, yamenirudia yakiwa yamevaa leso. Nilimweleza tena, nikatumia Kikamba chote ninachojua. Nikapiga magoti mbele yake. Susu hakukasirika. Alinipapasa mkono. Akasema Mungu alimponya kanisani, mbele ya mashahidi, na karatasi iko na sahihi. Hawezi kuja kuambiwa vingine jikoni, na mtu mmoja, Jumamosi. Kama ni kweli, lisemwe pale pale lile la kwanza liliposemwa. Hapo ataamini.

Nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anatoa sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa moto. Nikamweleza yote, kuanzia mtu wa plastiki mpaka 204. Halafu akauliza kama yeye pia namba yake ni ya uongo. Nikasema ndiyo. Nikampima hapo hapo jikoni: 134/84. Si mbaya. Akashusha mkono wa sweta pole pole.

Akasema sawa, niende kwa kila mmoja nyumbani, kimya kimya, hata ikichukua mwezi. Lakini si kanisani. Amealika watu wa tarehe thelathini. Ameshashona nguo. Akasema watu watacheka, Wanza, na mimi ndio nitabaki hapa nikichekwa, wewe utaenda zako mjini. Na ng'ombe nishauza.

Nikamwambia kwa kila mmoja nyumbani ni sawa, lakini Susu hataki nyumbani. Na Susu hana mwezi.

Mama akanipakulia. Sijui amekubali ama amechoka. Mimi mwenyewe nimemtumia Bwana Mulwa ujumbe kwamba nina neno la kusema kesho.

Jumapili, 18 Mei

Niko kanisani. Naandika nyuma ya hili daftari, kwa paja, kama mtu anaandika mambo ya mahubiri. Kama sina kalamu mkononi mikono inatetemeka. Ile isiyotetemeka ilikuwa ya machungwa.

Sikuvaa yunifomu. Mama aliitoa ikiwa imepigwa pasi, akaiweka kwa kitanda changu. Nimekuja na sketi ya kawaida. Watu mlangoni wameniuliza kama naumwa.

Nitakayosema nimeyafupisha: Nilipima watu arobaini na watatu na sikuwa najua kupima. Namba nilizowapa tupeni. Bwana Mulwa, wewe uende zahanati wiki hii. Susu, dawa uanze leo, na iko hapa, Sista Wambura amenipa ya siku saba. Mkitaka kujua nilifundishwa wapi nitawaambia. Basi. Hakuna msamaha mwingi, nitalia na sitamaliza.

Susu Kalunde yuko benchi ya pili. Amekibandua kile kikaratasi ukutani, amekuja nacho. Ako nacho mkononi.

Matangazo. Bwana Mulwa anasoma pole pole kama hana haraka ya kwenda popote. Mkutano wa akina mama Alhamisi. Harusi. Mtu amepoteza funguo. Mama yuko kando yangu, na hatujaongea tangu chai.

Amefika kwangu. Ati kabla Sista Wanza hajaleta neno lake, kanisa lijue anahitimu tarehe thelathini, na akina mama wote watamsindikiza. Makofi! Wananipigia makofi, kanisa zima, na bado sijafungua mdomo. Susu amesimama wima, anapiga vigelegele, mshipa wa shingo umemtoka.

Mama hapigi makofi. Ameinama karibu na sikio langu, hanitazami. Ananiambia: mwambie Susu aketi kwanza.